Kijiti cha Reli Moja: Hupiti Hapa, Henning

Sehemu ya Saba

Haya, rudini dirishani. Tulimwacha Henning Brockmeyer ametoa mkono nje ya tramu yake iliyovishwa maua, anasubiri kupokea kijiti. Gundula naye akanyoosha wake kutoka tramu ya upande wa pili. Mkono mtupu.

Wiki nzima mmenisumbua. Mama mmoja muuza samaki hapa sokoni Rabenstedt amekataa kunifungia samaki wangu mpaka nimwambie Gundula amekificha wapi. Nikamwambia mama, hata mimi nina njaa, lakini ngoja Jumamosi.

"Kijiti kiko wapi?" Henning akauliza, bado anacheka.

"Kijiti gani?"

"Gundula, dada yangu, usinichezee bwana. Leo siku yangu ya mwisho."

"Ndiyo maana nakuuliza leo. Kesho nitakupatia wapi?"

Ndani ya tramu ya maua, madereva wenzake waliokuja kumsindikiza wakaangua kicheko. Dereva wa Rabenstedt hastaafu hivihivi. Safari yake ya mwisho lazima afanyiwe kituko. Yupo aliyefungua mlango wa chumba chake cha udereva akamkuta bata mzima kakalia kiti. Basi wote wakadhani hiki ndicho kituko cha Henning.

"Mnyime, Gundula! Mnyime!" akapiga kelele mzee Lothar, dereva mkongwe kuliko wote, huku akibinya kinanda chake cha kodiani. "Mwambie alipie kwa bia!"

Kiti cha mbele kabisa alikaa Annegret, mke wa Henning, sinia la keki ya plamu magotini. Yeye peke yake hakucheka.

Wewe uliyechelewa kujiunga nasi, usijali, nakuvusha upesi. Kutoka hapa Kirschberg, mahali pa kupishana, mpaka mwisho wa mstari kule Steinbruch, reli ni moja tu, inapita katikati ya miti ya cheri na ina kona mbaya. Tramu mbili zikikutana humo, hakuna pa kukwepea. Kawaida kuna taa za kuruhusu. Sasa mafundi wamezichimbua, na taa zisipokuwepo kinarudi kijiti cha shaba, kimoja tu, kizito kama mchi mdogo. Aliye nacho anaingia. Asiye nacho anakaa, hata kama mkewe anajifungua.

Na zikifuatana tramu mbili kutoka upande mmoja, kijiti hubebwa na ya nyuma. Dereva wa mbele akifika kwa anayesubiri, humwambia maneno mawili: "Bado mmoja." Asiposema kitu, maana yake nyuma hakuna mtu.

Sasa niwaibie siri ambayo Henning hana. Gundula hakuficha kijiti chochote. Nyuma yake ilikuwa inakuja tramu ya mchanga, ile isiyobeba abiria, inayosambaza mchanga wa kusaidia breki reli zikiteleza. Anaiendesha Detlef, na kijiti anacho Detlef.

Gundula alipaswa kusema, "Bado mmoja." Akayameza.

Msimlaani bado. Alitaka kitambo kidogo tu, mpaka Detlef atokeze, ili Henning akae pale mbele ya wenzake wote asiweze kwenda mbele wala kurudi nyuma, aulizwe swali moja. Kesho mtu huyu anahamia pwani ya kaskazini na heshima zake. Akishaondoka, nani atamsafisha Ulf?

Ulf ni kaka yake Gundula. Asubuhi moja ya ukungu, taa zikiwa mbovu kama sasa, Ulf aliingia reli moja na kijiti mkononi. Kwenye kona akakutana uso kwa uso na Henning. Vyuma vikaingiana. Mguu wa Ulf ukasagika. Lakini wakaguzi walipofika, kijiti kilikutwa kwenye chumba cha udereva cha Henning!

Basi. Ulf akawa ndiye aliyeingia bila ruhusa. Akafukuzwa kazi, na hilo bado si kubwa. Madereva wa mji huu wakipishana hupungiana mkono, na mstaafu akionekana njiani hupungiwa mpaka anaingia kaburini. Ulf hapungiwi. Tangu siku ile hajapanda tramu. Anatembea mji mzima na mguu wake mbovu, na tramu zinampita dereva ametazama mbele kama hajaona mtu.

Gundula yeye anaziendesha hizo tramu. Amekaa chumba kimoja cha chai na Henning miaka yote hii, akimsubiri kama paka kwenye tundu la panya.

"Nitakupa kijiti," Gundula akasema. "Kwanza niambie. Siku ile ya ukungu kilikuwa mkononi mwa nani?"

Kodiani ikanyamaza katikati ya wimbo.

"Ah, Gundula," Lothar akasema. "Leo kuna keki, mama. Hayo mambo yalishaisha."

"Yaliisha kwako wewe unayetembea kwa miguu miwili."

Henning akaingiza mkono wake ndani taratibu. Uso ulikuwa umebadilika. "Kila mtu anajua kilikutwa wapi."

"Sijauliza kilikutwa wapi. Nimeuliza kilikuwa kwa nani."

"Huu ni wivu. Kaka yako alikosea, akaumia, pole yake. Mimi sina deni na mtu."

"Basi apa. Wenzako hao hapo. Apa kwa huyo mkeo aliyekubebea keki."

Annegret akainamia sinia lake. Kisu cha keki kikaanguka chini ya kiti, asikiokote.

Redio ya upepo ikakoroma kwenye chumba cha Gundula. Alikuwa mama Jettka, msimamizi wa zamu, mwanamke ambaye hata paka wake anakula kwa saa.

"Kirschberg! Mbona mmeganda? Gundula, ondoa tramu yako!"

"Bado nazungumza na Henning."

"Mnazungumza? Kwani hapo saluni? Ondoka sasa hivi, la sivyo kesho usije kazini!"

"Sawa, mama. Nisipokuja utajua nimesikia."

Akaizima. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akamzimia Jettka redio, na mwenzenu nakiri, hapo nilimpenda.

Abiria wake nao wakaanza. Mama mmoja mwenye kofia ya sufu akabisha kioo. "Dereva, nina miadi kwa daktari wa meno!"

"Jino lako litakusubiri, mama. Haliendi popote."

"Linauma!"

"Hata mimi naumwa. Kaa."

Upande wa pili, wenzake Henning walikuwa wamekusanyika karibu na mlango wa chumba chake. Hakuna aliyecheka tena. Dereva mmoja mwanamke, Wiebke, akasema kwa upole, "Henning, mjibu tu yaishe. Ulikuwa nacho, sivyo? Sema nilikuwa nacho, twende zetu tukale."

Ilikuwa njia nyepesi kabisa. Neno moja tu. Uongo aliousema kwa wakaguzi, bado angeushindwa hapa?

Akaushindwa. Madereva hawa aliwafundisha yeye mwenyewe, wengine aliwashika mikono wakiwa hawajui breki ni ipi. Akawatazama mmoja mmoja. Kisha hasira zikamwokoa, au alidhani zinamwokoa.

"Mimi siwezi kuwekwa kizimbani na mwanamke ndani ya tramu yangu mwenyewe! Kama hatoi kijiti, abaki nacho, akapikie supu!"

"Bila kijiti huendi," Gundula akasema.

"Nani kasema siendi? Wewe si umeshatoka? Humo ndani kumebaki nini, sungura? Reli tupu! Nitapita, kama nilivyopita siku ile, na..."

Akakatika hapo. Lakini maneno yakitoka ni kama maziwa yaliyomwagika, hayazoleki.

Lothar akaweka kodiani chini.

"Siku ipi, Henning?" akauliza.

"Siku... siku nyingi tu. Sote tumewahi."

"Mimi sijawahi. Wiebke, umewahi?"

"Sijawahi."

"Siku ipi, Henning?"

Hapo Gundula alikuwa ameshinda. Nawaambia ukweli, alikuwa ameshinda kabisa. Alihisi raha inampanda mpaka kooni, raha aliyoingojea asubuhi baada ya asubuhi, na ilikuwa tamu kama alivyoiota. Angesema yale maneno mawili wakati ule, kisa kingeishia pazuri.

Lakini raha ya kisasi inaziba masikio. Alikaa pale anamtazama Henning anavyopauka, hataki kupoteza hata tone.

Na Henning alikuwa na swali nyuma yake asiloweza kulijibu, na mbele yake reli aliyoamini ni tupu. Akabamiza mlango wa chumba chake, akaufunga kwa ndani. Akagonga kengele.

Tramu ya maua ikaanza kutembea.

"Henning! Kijiti!" Wenzake wakapiga mlango kwa ngumi. "Henning, wazimu?"

Ndipo masikio ya Gundula yalipozibuka.

"Bado mmoja!" akapiga yowe dirishani. "Henning! Bado mmoja! Detlef yuko humo!"

Nani amsikie? Kengele inalia, ngumi zinagonga, watu wanapayuka. Henning alimwona anapanua mdomo na kupunga mikono, akadhani ni matusi. Akageuza uso, akaongeza mwendo.

Gundula akaruka chini. Redio ameizima mwenyewe, na kuifungua, kumpata Jettka, Jettka ampate Detlef, tramu mbili zingekuwa zimeshaoana. Akakimbia. Mwanamke wa makamo, viatu vya kazi, anakimbiza tramu kwenye kokoto! Abiria wake wote wamebandika pua kwenye vioo, mpaka yule wa jino amesahau jino.

Tramu ile ilikuwa ya zamani, imetolewa bandani kwa ajili ya sherehe. Na tramu za zamani nyuma zina kamba, inapanda mpaka juu ya paa, imefungwa kwenye ule mkono wa chuma unaonyonya umeme kwenye waya. Ukiivuta, mkono unalala, tramu inakata roho.

Akaikosa mara ya kwanza. Shada la maua likamchapa usoni. Mara ya pili akaipata, akajining'iniza nayo na uzito wake wote.

Cheche zikamwagika juu. Mkono wa chuma ukalala, na tramu ikazimika.

Lakini gari zito halisimami kwa sababu umelinyima chakula. Pale reli inateremka kidogo kuelekea konani, na tramu ikaendelea kubingirika, Gundula anaburuzwa na kamba, magoti yanachanika. Henning alipoona mashine imekufa mkononi mwake, mwili ukafanya kile ulichozoea maisha yote. Akapiga breki ya dharura, ile ya betri, isiyongoja umeme wa waya.

Wakati huohuo tramu ya mchanga ikatokeza konani.

Detlef aliona maua yanamjia usoni. Akafungua mchanga wote, akakanyaga kila kinachokanyagika. Reli zikapiga kelele kama za kung'olewa meno. Watu wote wakafumba macho, na mama mmoja akaanza kusali kwa sauti.

Zikasimama. Katikati yake ungeweka kikapu cha soko, na ungehitaji kukisukuma kiingie.

Hakuna aliyekufa. Keki tu ndiyo iliyokwenda yote sakafuni.

Detlef akashuka, ndevu zimejaa vumbi la mchanga. "Nani aliyeingia bila kijiti? Nani mwendawazimu?" Kisha akamwona Gundula chini, damu magotini, kamba bado mkononi. "Na wewe! Hukumwambia 'bado mmoja'?"

Gundula akaiachia kamba.

"Nakuuliza wewe! Ulimwambia au hukumwambia?"

"Sikumwambia."

Madereva walikuwa wameshaanza kushuka kutoka tramu ya maua, mmoja mmoja. Hakuna aliyepita karibu na chumba cha Henning. Mzee Lothar akaenda mbele ya tramu, akafungua lile shada kubwa lenye jina la Henning, akalikunja vizuri kama nguo, akaliweka chini ya mti. Wiebke akavua ua alilobandika kifuani, akaliweka juu yake. Kisha mwingine. Henning alikuwa anatazama haya yote nyuma ya kioo, na wote walimpa migongo.

Kilikuwa kisasi kikubwa kuliko alichokiomba Gundula. Lakini hakukionja. Alikuwa anatazama tramu ya mchanga, kwa sababu mlango wake ulikuwa unafunguka tena, na kuna mtu wa pili anashuka, polepole, mguu mmoja kwanza, halafu ule mbovu.

Ulf.

"Nilimkuta anachechemea kando ya reli," Detlef akasema. "Amekuja kumwona Henning akiondoka. Nimembembeleza sana mpaka akapanda. Mara yake ya kwanza tangu siku ile!"

Gundula akataka kusimama, magoti yakamkatalia. Jamani, kaka mtu! Yeye ambaye hapandi tramu, leo alikubali, na dada yake aliyemeza maneno mawili nusura amzike kwenye kona ileile.

"Ulf, sikujua," akasema. "Wallahi sikujua umo."

"Na kama nisingekuwemo? Detlef hana watoto?"

Hakumpigia kelele. Alimwinua tu kwa mkono mmoja, akampangusa kokoto begani. Mkono wa pili alikuwa ameshika kijiti cha shaba, alichokichukua kwa Detlef. Akachechemea nacho mpaka kwenye dirisha la Henning.

"Fungua."

Henning akafungua. Watu wakasogea. Hata wa jino alishafika.

"Umekiri kwamba siku ile uliingia bila hiki," Ulf akasema. "Wenzako wameshaninong'oneza. Basi malizia. Mimi nilikuwa nimebanwa kwenye vyuma, nacho mkononi. Ulikuja ukanipokonya. Sema mbele yao, halafu nenda zako pwani, sitakufuata."

Henning akatazama kijiti kama mtu anayetazama nyoka.

"Niliingia bila kijiti," akasema. "Hilo ni kweli, na nilidanganya. Lakini sikukupokonya, Ulf. Nilikuwa nimezimia. Nilipozinduka kilikuwa mapajani mwangu."

"Kilipaa?" Lothar akafoka. "Kina mabawa?"

"Sijui kilifikaje. Sikutaka kujua. Nilinyamaza."

"Mwongo mkubwa wewe!" Gundula akapasuka. "Mpaka sasa?"

Wenzake wakamzomea. Wiebke, ambaye Henning alimfundisha kazi, akatema mate chini na kumgeuzia mgongo tena. Ulf akatikisa kichwa, akamwacha. Pale mlangoni mwa tramu ya maua alikuwa amesimama Annegret, gauni zuri la sherehe limechafuka plamu, ameshikilia chuma kama anayeogopa kuanguka.

Ulf akamwendea. Sauti yake ikalainika.

"Mama Annegret, pole. Wewe hukustahili haya. Dada yangu hajui, wengi hapa hawajui, lakini mimi sijasahau." Akawageukia wenzake. "Huyu mama alikuwa na kibanda cha soseji hapa Kirschberg, kabla hajaolewa. Siku ile ndiye aliyefika wa kwanza. Mlikuwa bado hamjaja hata mmoja. Mimi nilikuwa siwezi kuona, damu imenijaa machoni, nalia kama mtoto. Akapiga magoti kwenye vioo, akanishika mkono. Akanishika kwa nguvu, hakuniacha. Mikono yote ya mji huu iliponinyima salamu, nilikuwa naukumbuka mkono wake."

Annegret akaanza kulia. Henning akaita kutoka dirishani, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, "Anne, nyamaza. Anne, nakuomba."

Hakunyamaza.

"Usinishukuru, Ulf," akasema. "Mimi na Henning tulikuwa tumeshatangaza ndoa. Nilimwona anaingia bila kijiti, nilikuwa dirishani kwangu nakaanga vitunguu, nikamwona. Nilijua watamfunga." Akaangalia mikono yake. "Mimi sikukushika mkono. Ulikuwa umekamata kijiti, hutaki kukiachia. Nilikuwa nakubandua vidole."